Ndovu wa serikali, shamba la mwananchi: nani anamdai nani?

Alfajiri pale Sagalla, kusini-mashariki mwa Kenya, kwenye mashamba yanayopakana na mbuga ya Tsavo Mashariki, huhitaji mtaalamu wa kukuambia nani alipita usiku. Nyayo ni pana kama ungo. Mabua ya mahindi yamelala upande mmoja, mgomba umechanwa kama karatasi, na tangi la maji limepasuka ubavuni kwa sababu ndovu mwenye kiu hana habari na mfereji. Majirani wanakusanyika. Mmoja anasema, "Piga simu KWS," yaani shirika la serikali la wanyamapori. Wa pili anacheka kwa pua. Wa tatu, kwa kawaida mzee aliyewahi kupitia hayo, anasema, "Mama, usiguse kitu. Piga picha kwanza."

Mzee huyo anajua jambo. Anajua kwamba mbele ya serikali hasara isiyo na ushahidi si hasara. Lakini ukimuuliza ni huduma gani nyingine serikali inaweza kumpa mtu anayeishi na wanyamapori, mbali na kuja kufukuza na kuja kulipa, huenda akanyamaza. Wengi wetu tunazijua idara za wanyamapori kupitia mlango huo mmoja, mlango wa kilio. Ipo mingine, baadhi ina faida zaidi, na imefungwa kwa karatasi ambazo hakuna aliyekaa nasi kutufafanulia.

Tuanze na swali linalozua matusi mengi barazani: yule ndovu ni wa nani?

Mwenye hati ya shamba ana udongo, miti na mazao yake. Mnyama wa porini si wake. Kisheria wanyamapori wa Kenya wako mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi wote, wawe ndani ya mbuga au wawe wanakwangua gome la mti nyuma ya choo chako. Na hapo ndipo mantiki ya mkulima inapoingia, mantiki ambayo siwezi kuipinga: ng'ombe wa jirani akiingia shambani kwangu, jirani analipa. Hakuna jamii ya wafugaji au wakulima nchini isiyo na desturi ya namna hiyo. Sasa kama ndovu ni wa serikali, kwa nini serikali isilipe kama jirani yeyote mwenye ng'ombe mkorofi?

Jibu limo katika historia. Kabla ya 1977, mnyama aliyekuwa kwenye ranchi au ardhi ya jamii aliweza kuleta senti, maana uwindaji ulikuwa na leseni zake na ada zake, na bwana nyama alikuwa mtu wa kujulikana. Mwaka huo uwindaji ukapigwa marufuku, na 1978 biashara ya pembe, ngozi na nyara nyingine ikafungwa. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa ujangili ulikuwa unamaliza ndovu na vifaru. Matokeo ya pembeni hayakupigiwa hesabu. Kwa mwenye ardhi, pundamilia akageuka mgeni anayekula nyasi za ng'ombe, anayevunja ua na asiyeacha hata shilingi. Mtu mwenye akili zake akakata viwanja, akaweka ua wa waya, akaongeza mbuzi.

Hesabu zilikuja kuonyesha gharama. Utafiti uliofuatilia maeneo ya wafugaji nchini ulikuta kwamba kati ya 1977 na 2016 wanyamapori walipungua kwa wastani wa asilimia 68, huku kondoo na mbuzi wakiongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Weka kando ya takwimu hiyo nyingine mbili: mbuga na hifadhi za serikali zinachukua takriban asilimia 8 ya ardhi ya Kenya, na karibu theluthi mbili ya wanyamapori huishi nje yake, angalau kwa sehemu ya mwaka. Kwa hiyo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, hilo tunaloliita KWS, lililoundwa kwa sheria ya 1989 na kuanza kazi 1990, lina mali ambayo sehemu kubwa inalala kwa watu wengine. Shirika linamhitaji mwenye shamba kuliko mwenye shamba anavyolihitaji shirika. Ukilishika hilo, huduma zote nitakazozitaja zinaanza kueleweka. Usipolishika, zitaonekana kama sadaka.

Huduma inayojulikana zaidi ni ile ya kuitikia mwito. KWS ina vikosi vya kushughulikia wanyama wasumbufu, na kazi yao huanza kwa kelele: gari, taa, honi, baruti za kutisha. Ikishindikana, mnyama hudungwa dawa ya usingizi na kuhamishwa, na akiwa ameua au amezoea kuua, huweza kupigwa risasi. Maneno ni mepesi, kazi ni nzito. Tsavo Mashariki na Magharibi kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Askari waliopo kwenye kituo kimoja wanaweza kupigiwa simu na vijiji vitatu usiku mmoja, katika msimu uleule mahindi yanapokomaa kila mahali kwa pamoja. Anayesubiri gari lisilofika anaona dharau. Mara nyingi ni hesabu ya magari.

Kuhamisha ndiko kunakoonekana kwenye runinga, basi tuone gharama yake. Hifadhi ya Mwea ilikuwa na ndovu 49 mwaka 1979. Ina uwezo wa kulisha kama 50. Kufikia 2024 walikuwa 156, wamezungukwa na mashamba, na kila usiku kulikuwa na ua unaojaribiwa. Oktoba mwaka huo serikali ikaanza kuwahamisha kama 50 kwenda Aberdare: helikopta juu, mdunga dawa mlangoni, ndovu anaanguka, watu wanakimbia kumlaza vizuri asije akakosa pumzi, kreni, lori, dawa ya kuamsha. Gharama ilitajwa kuwa shilingi milioni 12 au zaidi. Baada ya yote hayo, Mwea ilikuwa bado na ndovu wanaozidi mara mbili ya uwezo wake. Sisemi haikufaa. Nasema mkulima anayedai "wahamisheni wote" anaomba kitu ambacho hakuna bajeti wala mahali pa kukiweka.

Nalo lisemwe wazi, kwa sababu hasira za alfajiri zina mdomo mkubwa: kuchukua mkuki au sumu ni kujipeleka jela. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 iliingia na adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Juni 2012, kabla ya sheria hiyo, wakazi karibu na Kitengela waliwaua simba sita waliovamia zizi la kondoo na mbuzi alfajiri. Askari wa KWS walikuwepo, wakingoja kuwadunga dawa ya usingizi, wakazidiwa na umati. Tukio hilo linafundisha zaidi ya vipengele kumi vya sheria. Kisheria umati ule ulikuwa na makosa. Lakini asubuhi ile, huduma pekee waliyoiona usoni ilikuwa ya watu waliokuja kumwokoa simba.

Sasa fidia, ambayo ndiyo sababu ya ile picha ya mzee.

Sheria ya 2013 ilipandisha viwango kwa kishindo. Familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, ambayo zamani ilikuwa ikilipwa shilingi 200,000, sasa ilistahili milioni 5. Ulemavu wa kudumu milioni 3, majeraha mengine hadi milioni 2. Kwa mazao, mifugo na mali, hesabu ni bei ya soko. Si kila mnyama anayelipiwa. Kuna jedwali la majina, na anayelipiwa akiua mtu si lazima alipiwe akila mahindi. Ndovu, nyati na kiboko wamo. Kabla ya kuanza safari za ofisini, uliza kwanza kama mshtakiwa wako yumo kwenye orodha.

Safari yenyewe huanza nyumbani. Unatoa taarifa kwa kituo cha KWS kilicho karibu, na chifu ajue. Kama ni kifo au jeraha, polisi na daktari wanaingia. Unajaza fomu. Kama ni mazao, afisa wa kilimo lazima aje kuona na kukadiria, na huyo si mtu wa KWS bali ni mfanyakazi wa serikali ya kaunti. Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Ndovu ni wa serikali kuu, afisa wa kukadiria ni wa gavana, na pikipiki ya kumleta, kwa hesabu zisizoandikwa popote, inakuwa ya mwenye shamba. Akichelewa wiki mbili, mabua yameshaliwa na mbuzi na nyayo zimefutwa na mvua. Ndiyo maana picha ina thamani kuliko kilio.

Madai hufika kwenye kamati ya wanyamapori ya kaunti, yenye maofisa wa serikali na wawakilishi wa jamii, ambayo huyapitia na kutoa mapendekezo. Kisha yanapanda Nairobi. Kisha yanangoja. Watu wanadhani ucheleweshaji ni wizi tu, na penye fedha za umma wizi haukosi kushukiwa, lakini sababu kubwa zaidi ni hesabu ya kawaida: Bunge lilizidisha fidia ya kifo mara 25 kwa kalamu moja, na Hazina haikuzidisha mfuko mara 25. Haki ikaandikwa, pesa haikuandikwa. Madai yakalimbikizana mwaka juu ya mwaka mpaka yakafika mabilioni.

Kuna kipengele kingine ambacho ningependa kisomwe kwa sauti katika kila baraza la chifu. Sheria inasema halipwi mtu aliyeshindwa kuchukua hatua za kutosha kulinda mali yake, wala yule ambaye matumizi ya ardhi yake yanapingana na mpango wa usimamizi wa ikolojia ya eneo hilo. Sehemu ya kwanza inaeleweka: zizi la miiba lililoanguka tangu Januari halikuzuii kupoteza mbuzi, na halitakusaidia kudai. Ya pili ni nzito. Maana yake ni kwamba ukilima mahali ambapo mpango umesema ni mapito ya wanyama, ndovu akija anaweza kula kila kitu na usilipwe. Lakini ni wangapi waliowahi kuuona mpango huo? Uko ofisini, umefungwa kwa kava la plastiki, umeandikwa Kiingereza.

Na hata fidia ingelipwa kesho yake asubuhi, bado ingekuwa na kasoro ya kuzaliwa: inamlipa aliyepoteza, haimlipi aliyevumilia. Yule ambaye pundamilia mia mbili wanakula nyasi zake mwaka mzima bila kuvunja chochote hana fomu ya kujaza. Mashirika binafsi yaliliona pengo hilo mapema. Kule Mbirikani, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya, tangu 2003 kuna mfuko unaowalipa wafugaji sehemu ya thamani ya mifugo iliyoliwa na simba na wanyama wengine wala nyama. Sharti lake ni kali na la kijanja: mtu mmoja akiua simba, wenzake wote wa eneo hilo wanakosa malipo. Mlinzi wa simba hapo si askari mwenye bunduki. Ni jirani anayesubiri hela yake.

Hapo tunaingia kwenye mlango usiojulikana. Sheria ileile ya 2013 inasema kila mtu ana haki ya kuhifadhi wanyamapori kama njia halali ya kujipatia kipato kutokana na ardhi yake. Soma tena. Kuhifadhi kumewekwa sawa na kulima au kufuga. Mwenye ardhi, peke yake au pamoja na wenzake, anaweza kuanzisha hifadhi, kuisajili, kuandaa mpango wa usimamizi na kupata haki ya kuwatumia wanyama bila kuwaua: utalii, upigaji picha na filamu, elimu, utafiti, utamaduni. Kuna pia matumizi ya kuvuna, kama kufuga mbuni au mamba kwa leseni, yenye masharti mazito zaidi. Uwindaji wa starehe ulibaki kosa, na majaribio ya miaka ya 1990 ya kuwapa wenye ranchi mgao wa wanyama wa kuchinja yalisimamishwa 2003.

Leo hifadhi za jamii na za binafsi zinachukua eneo kubwa kuliko mbuga na hifadhi za serikali. Lakini "hifadhi" ni neno linaloficha mambo mengi, basi tuangalie mbili zinazoeleweka kwa pesa.

Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Nairobi. Mbuga hii ina ua pande tatu; upande wa kusini wanyama hutoka msimu wa mvua kwenda kwenye ardhi za watu. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kukodisha, ukiendeshwa na wapenzi wa mbuga na wafadhili: mwenye ardhi alilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka, na kwa upande wake hakutakiwa kuweka ua, kuchimba machimbo ya mawe, kuuza vipande wala kuua mnyama. Dola 4 ni kidogo, kila mtu anaona. Kilichoufanya upendwe ni kalenda. Malipo yaligawanywa mara tatu, yakapangwa kufika shule zinapofunguliwa. Mama mwenye watoto wanne hakuhitaji semina ya ikolojia kuelewa kwamba nyumbu wale wanalipa karo. Ilianza na familia mbili, ikaenea hadi maelfu ya ekari. Kilichoizidi nguvu ni bei ya kiwanja. Nairobi ilipotambaa kusini, dola 4 kwa ekari ikaonekana kama mzaha mbele ya dalali mwenye mkoba.

Ya pili ni Mara Naboisho, iliyoanzishwa 2010 kando ya Maasai Mara: wamiliki wa ardhi kama 500, ekari 50,000 hivi. Ranchi ya pamoja ilikuwa imegawanywa, kila mtu ana hati yake. Wakaziunganisha tena kwa mkataba na kambi za watalii. Malipo ni ya kila mwezi, kwa ukubwa wa ardhi, wageni wawe wengi au wachache. Hilo ndilo jambo la kulitazama katika mkataba wowote wa namna hii: nani anabeba hatari ya msimu mbaya? Zamani kambi ililipa kwa kichwa cha mtalii, na mwenye ardhi alikuwa mtu wa mwisho kujua walikuja wangapi. Malipo ya ekari yaliondoa hesabu za gizani. Hata hivyo hayakuondoa hatari yote. 2020 ndege ziliposimama kwa Korona, kodi katika hifadhi za Mara zilipunguzwa, na watu waliokuwa wameacha kilimo kwa ajili ya watalii wakaona jinsi mguu mmoja unavyoyumba.

Na kwa kuwa pesa inafuata hati, na hati nyingi zimeandikwa majina ya wanaume, mke anayechunga ng'ombe mbali zaidi ili eneo la hifadhi lipumzike huenda asione malipo hayo kabisa. Sheria ya wanyamapori haikutibu hilo, wala haikujaribu.

Serikali inafanya nini katika hifadhi ambazo si zake? Zaidi ya wengi wanavyodhani, na kwa njia inayochanganya, kwa sababu karibu kila kitu kinafanywa na wawili. Mfano bora ni daktari wa wanyama. Tsavo kuna kikosi cha tiba kinachozunguka tangu 2003. Gari, dawa na mafuta vinalipiwa na shirika la hisani la Sheldrick. Daktari ni wa KWS. Kwa nini wasimwajiri wao wenyewe? Kwa sababu mnyama ni wa serikali, na anayeamua kumlaza chini mnyama wa serikali lazima awe mtu wa serikali. Ukielewa gari hilo moja, umeelewa muundo mzima: mdau analeta nyenzo, serikali inaleta mamlaka.

Ndivyo ilivyo pia kwa askari wa hifadhi za jamii. Mwajiri ni hifadhi, lakini wengi hufunzwa katika chuo cha KWS cha Manyani, na kukamata mtu au kubeba silaha kunahitaji kibali cha serikali. Ndivyo ilivyo kwa vifaru. Hifadhi ya Lewa ilianza kama hifadhi ndogo ya vifaru kwenye ranchi ya familia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, ndiko wanakoishi Najin na Fatu, faru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani, waliofika kutoka Ucheki Desemba 2009. Mwenye ranchi anayetunza faru weusi analipia ua, walinzi na mbwa wa kunusa, na faru anabaki wa taifa. Akifa, pembe inakwenda serikalini. Nani mwingine angekubali biashara kama hiyo? Anayekubali ni yule ambaye faru anamletea wageni na wafadhili, jambo ambalo mkulima wa ekari tano hawezi kuliiga.

Ua wa Aberdare ni mfano mwingine wa ndoa hii: shirika la Rhino Ark lilianza kuchangisha 1989, ua ukakamilika 2009, kama kilomita 400 za waya wa umeme. Ua wa namna hiyo unahitaji mtu wa kufyeka nyasi kila siku, maana jani moja bichi likigusa waya, umeme unashuka ardhini na ndovu wanalijua hilo kabla ya fundi. Wanaofyeka ni wanavijiji wa pembeni. Panapokosekana bajeti ya kuwalipa, ua hugeuka kuwa nguzo za kuanikia nguo.

Nimesema milango imefungwa kwa karatasi. Karatasi hizo hukata pande mbili. Karibu na Kimana, mahali ambapo ndovu wa Amboseli hupenya, kampuni moja ilianza kuandaa ekari 180 kwa ajili ya parachichi, kwenye ardhi yenye hati halali. Majirani wakapinga, mamlaka ya mazingira, NEMA, ikasimamisha mradi 2020, na Aprili 2021 baraza la rufaa za mazingira likaunga mkono uamuzi huo. Wahifadhi walishangilia. Mimi naona pia swali lililobaki mezani: kama ushoroba ule, yaani mapito yale ya ndovu, una thamani kwa nchi nzima, nani anamlipa mwenye hati asiyeruhusiwa kulima? Sheria ina chombo cha kazi hiyo, mkataba wa kuifunga ardhi kwa matumizi fulani ambao hudumu hata ardhi ikibadilisha mikono, na unaweza kuambatana na malipo. Unatumika kwa nadra. Kusimamisha ni bure, kukodi kunahitaji mfuko.

Upande wa pili ni Isiolo. Januari 2025 mahakama iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti hiyo, mojawapo ikiwa Biliqo Bulesa, ziliundwa kinyume cha katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ardhi ile ilikuwa ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka jamii iandikishwe na uamuzi ufanywe na watu wenyewe katika mkutano. Wazee watatu, chifu na ofisa wa mradi chini ya mwembe hawatoshi. Anayekuja kijijini kwako na katiba ya hifadhi iliyokwisha chapishwa, mwombe kwanza kumbukumbu za mkutano ulioiandika.

Kwa hiyo yule mama wa Sagalla, baada ya kupiga picha, afanye nini? Atoe taarifa leo, si wiki ijayo, na nakala ya fomu abaki nayo. Amtafute afisa wa kilimo kwa simu kabla ya kumtafuta kwa miguu. Aulize jina la mwakilishi wa jamii kwenye kamati ya kaunti, kwa maana huyo yupo kwa ajili yake na huenda anakaa kijiji cha tatu. Halafu, jambo ambalo watu huliacha mpaka msimu mwingine, akae na majirani. Mkulima mmoja akiomba ua au mizinga ya nyuki, ni barua. Wakulima ishirini wenye mashamba yanayoshikana wakiomba, wameshakuwa mradi, na mdau yeyote anapenda kuandika ishirini kwenye ripoti yake.

Sagalla wanajua hilo kuliko wengi, kwa kuwa ndiko ua wa nyuki ulikojaribiwa kwa miaka mingi. Mizinga hutundikwa kuzunguka shamba kila baada ya mita 10, ikiunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka kumuuliza anatafuta nini. Katika misimu ya mazao mengi, ua huo umewarudisha hadi asilimia 86 ya ndovu waliousogelea, na asali inauzwa. Mwaka wa ukame nyuki wanahama, mizinga inabaki mitupu, na wenye mashamba wanabaki na waya.

Ila hata mwaka wa neema, mizinga haijai yote. Kila wa pili katika mstari ni kipande cha plaiwudi tu, kimetundikwa kupunguza gharama, na ndovu anaposimama gizani mbele ya waya hana namna ya kujua upi una nyuki.